Tulivyoachana na maji ya chupa ofisini kwetu Mtwara

Ofisi yetu iko Shangani, Mtwara mjini, na shughuli zetu nyingi ni za korosho. Msimu ukifunguliwa Oktoba, vikao haviishi: viongozi wa vyama vya msingi, wasafirishaji, watu wa maghala. Kila kikao na katoni yake ya maji. Wageni wakiondoka, mezani zimebaki chupa, nyingine hazijafika hata nusu. Mvua zikianza, chupa hizo unazikuta zimeziba mitaro, na zinazopita zinaishia kwenye mikoko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 na tofauti tumeiona kwa macho, ila chupa bado zipo.

Mimi ndiye ninayeagiza mahitaji ya ofisi, basi nikaanzia hapo. Tangazo la ukutani sikutaka, watu hulizoea upesi. Kilichokuwa kigumu ni heshima ya mgeni. Ukimpa chupa, anafungua kifuniko mwenyewe, roho inatulia. Ukimmiminia kwenye glasi, lazima ajiulize maji yametoka wapi. Bosi aliniambia waziwazi: "Dada, wazee wanatoka Tandahimba tangu alfajiri, usije ukaniaibisha."

Kwa hiyo nilishughulikia heshima kwanza. Tulinunua majagi ya kioo yenye mifuniko na glasi za kutosha. Maji yanachemshwa jioni hadi yatokote, yanapoa usiku kucha kwenye ndoo safi yenye koki, asubuhi yanaingia kwenye friji na vipande vya limau. Juu ya jagi natandika kitambaa cha kufuma. Kisha namimina mbele ya mgeni mwenyewe: "Karibu maji, mzee, tumeyachemsha hapahapa." Mzee mmoja kutoka Newala alikunywa, akanyoosha glasi tena. "Niongeze, mjukuu wangu, haya yana ubaridi wa kweli." Bosi alikuwepo. Tangu siku hiyo hajaulizia katoni.

Chakula cha mchana kilikuwa rahisi zaidi. Mama lishe wetu alikuwa akitufungia wali kwenye boksi za foili na mchuzi kwenye vimfuko vya nailoni. Sasa kila mtu ana hotpoti yenye jina lake, na kijana wake anazipitia asubuhi. Mama amefurahi kuliko sisi, maana boksi zile alikuwa akizinunua kwa fedha yake.

Printa tumeiseti ichape pande zote mbili bila kuulizwa. Karatasi zilizochapwa upande mmoja tunazikata na kuzibana pini, zinakuwa vijitabu vya kuandikia. Zenye majina ya wakulima na namba zao za akaunti hazimo humo. Hizo zinachanwachanwa kabisa, na hapo sina mzaha.

Kwenye umeme ndiko nilikobishana sana. Wenzangu husema umeme wetu unatokana na gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa papa hapa mkoani mwaka 1982, sasa tubane matumizi ya nini? Nawajibu kwamba gesi ni kweli haina moshi mzito kama dizeli, lakini ikiungua inatoa hewa ya ukaa vilevile, na iliyokwisha kuungua hairudi ardhini. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi inapovuma, tunafungua madirisha ya pande mbili na kiyoyozi hakiguswi. Miezi ya joto tunakiwasha kwa nyuzi 25, milango imefungwa. Birika nalo linajazwa kwa kiasi cha maji yanayohitajika tu.

Zimebaki katriji za wino. Nyumbani kwa mtu yeyote hazina kazi, na dampo sitaki ziende. Nimezipanga kwenye boksi stoo, na kwenye oda ijayo ya vifaa nitaweka sharti: anayetuletea mpya azichukue tupu.