Tulivyokula na kupanda milima Busan na Jeju bila kugusa nguruwe

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba mimi na mume wangu tulikwenda kupumzika Korea Kusini, swali la kwanza haliwi la milima wala la bahari. Huniuliza, "Sasa mlikuwa mnakula nini?" Wana haki ya kuuliza. Nchi ile nguruwe yumo kwenye mchuzi, kwenye tambi, hata kwenye chakula kinachoonekana cha mboga tupu, na sisi ni Waislamu wa Tanga. Lakini tulikula tukashiba, tena vitu vya kukumbukwa. Siri yetu ilikuwa kuchagua mji wa bahari, Busan, na kisiwa, Jeju, na kila usiku kupanga njia ya kesho pamoja na mlo wa kesho. Hatukupanda mlima wowote bila kujua tutakula wapi tukiteremka.

Mume wangu alikuwa anamalizia shahada ya uzamili Daejeon, nami nikamfuata mwezi wa Oktoba. Ni wakati mzuri kwa anayependa kutembea kwa miguu: joto la kiangazi limekwisha, majani yanaanza kuwa mekundu na baridi bado haijauma. Kutoka Daejeon treni ya kasi, KTX, inakufikisha Busan kwa muda usiofika saa mbili.

Simu ilitusaidia mno. Kule Google Maps ilikuwa haitupi maelekezo ya kutembea kwa miguu, kwa hiyo weka Naver Map au KakaoMap mapema. Kwa lugha tulitumia Papago, unaelekeza kamera kwenye menyu nayo inakutafsiria. Ila kilichotufaa zaidi ya programu zote ni kikaratasi alichoandikiwa mume wangu na mwanafunzi mwenzake Mkorea, kikisema kwamba hatuli nguruwe wala nyama nyingine yoyote, supu ya mifupa pia hatunywi, ila samaki na vyote vya baharini tunakula. Ukitaka kusema mwenyewe, jifunze hii: *dwaeji-gogi mot meogeoyo*, yaani nguruwe siwezi kula. Na neno *haemul*, vitu vya baharini, ukilitamka tu uso wa mhudumu unafunguka.

Usidanganywe na jina la chakula. Kimchi yenyewe huwa ni mboga iliyochachushwa na uduvi au dagaa wa chumvi, lakini mchuzi wa kimchi mara nyingi una nguruwe. Tambi nyeusi za *jjajangmyeon* zina nguruwe. *Gimbap*, wali uliosokotwa ndani ya mwani, huwekewa hemu, nyama ya nguruwe ya kusindika, mpaka uombe itolewe. Hata chakula kinachotambulisha Busan, *dwaeji gukbap*, ni wali ndani ya supu ya nguruwe, na kinahusishwa na wakimbizi waliomiminika mjini humo wakati wa vita vya 1950 hadi 1953. Hicho tulikipita mlangoni.

Siku tuliyofika tulikwenda moja kwa moja soko la Jagalchi, na hapo wasiwasi wangu wote uliisha. Mtu aliyekulia karibu na soko la samaki atajisikia yuko nyumbani: sakafu imelowa, sauti ziko juu, na wenye meza wengi ni wanawake wa makamo waliovaa buti za mpira na aproni, wanaochukua samaki kwa mkono bila kuangalia. Tofauti ni kwamba samaki wengi wako hai ndani ya matangi ya maji. Kwenye jengo kuu unachagua samaki wako ghorofa ya chini, mnapatana bei, anachinjwa hapo hapo, halafu unapanda ghorofani ambako unalipa ada ya meza na unapikiwa upendavyo. Tulichukua samaki bapa, yule anayelala mchangani, pamoja na ngisi na chaza. Nusu ya samaki ililetwa mbichi, imekatwa vipande vyembamba, ya kuchovya kwenye mchuzi wa pilipili na siki. Kichwa na mifupa vikarudi baadaye ndani ya *maeuntang*, mchuzi mwekundu wenye figili na pilipili. Mume wangu alimaliza mbichi. Mimi niliushika mchuzi, na sijapata kuona samaki mmoja akatumika vizuri namna ile. Palikuwa pia na pweza mdogo anayeliwa huku mikia yake ikijinyonganyonga sahanini. Huyo sikuweza, na sikujilazimisha. Pweza kwangu ni wa supu.

Hapa niseme faida ya kusafiri wawili. Migahawa mingi ya Korea haipiki baadhi ya vyakula kwa mtu mmoja; kiwango cha chini ni sahani ya watu wawili, hasa michuzi ya sufuria inayopikwa mezani. Ukiwa peke yako utarudishwa au utalipia viwili. Sisi tuliingia popote. Ukishakaa, meza inajazwa vitoweo vidogo vidogo: dagaa wakavu waliokaangwa na sukari kidogo, mchicha wenye mafuta ya ufuta, kimchi za aina mbili tatu. Vikiisha unaongezewa bila malipo. Bahashishi hawapokei. Mama anayehudumu watu humwita *imo*, mama mdogo, na mume wangu alipoanza kumwita hivyo tuliongezewa dagaa hata kabla hatujaomba.

Ijumaa tulisali msikiti wa Al-Fatah, kaskazini mwa mji, karibu na kituo cha Dusil kwenye njia namba 1 ya treni ya chini ya ardhi. Upo tangu 1980. Safuni kulikuwa na Waindonesia, Wauzbeki, Wabangladeshi, vijana wengi wa viwandani. Karibu na msikiti tulikula nyama ya halali, na kwa kuwa vituo viwili mbele kuna Beomeosa, mguu wa mlima Geumjeongsan, tukalala upande ule ule ili tuamkie mlimani.

Geumjeongsan si mrefu. Kilele chake, Godangbong, kina mita 801 na ushei, na mtu wa kawaida mwenye viatu vizuri anakifikia. Lakini nitautetea mbele ya mtu yeyote kwamba ndio mlima wa kuanzia Busan. Unaanza kwenye hekalu la Beomeosa, lililoasisiwa na mtawa Uisang mwaka 678, ambalo lango lake la kwanza limesimama juu ya nguzo nne fupi za mawe zilizopangwa mstari mmoja. Juu ya hekalu njia inapita kando ya mto wa mawe makubwa, kisha unatokea Lango la Kaskazini la ngome. Ukuta ule ulijengwa mwaka 1703, urefu wake unazidi kilomita 17, na hakuna ngome ya mlimani kubwa kuliko hiyo Korea. Kileleni upande mmoja unauona mto Nakdong ukiingia baharini, upande mwingine maghorofa ya pwani ya Haeundae.

Ilikuwa Jumamosi, na wazee walikuwa wengi kuliko vijana: akina mama wa miaka sitini na sabini wenye kofia pana, glavu na fimbo mbili, wanapanda bila kuhema. Wakipumzika wanatandika mkeka mdogo na kugawa walichobeba. Tulipewa tango lililomenywa, machungwa, na vipande vya keki ya mchele. Baada ya kilele tulifuata ukuta mpaka Lango la Mashariki, kilomita kama nne za mteremko mwepesi, upepo tele. Karibu na hapo kuna kijiji cha Sanseong kinachosifika kwa mbuzi mweusi wa kuchoma. Harufu ile kwa Mtanzania ni mtihani mkubwa, lakini hakuchinjwa kwa utaratibu wetu, tukaendelea na basi namba 203 hadi Oncheonjang.

Oncheonjang ni eneo la chemchemi za maji moto la Dongnae. Kuna mahali pa wazi pa kulowesha miguu, bure. Tulikaa na vikongwe wa mtaani mpaka vidole vikakunjamana, ndipo tukaenda kula *Dongnae pajeon*. Hiki ni chakula cha eneo hilo hasa: vitunguu vya majani virefu vinalazwa kwenye chuma cha kukaangia, juu yake kamba na chaza, kisha uji wa unga wa mchele na yai, vinafunikwa mpaka viive kwa mvuke. Ndani ni laini, si kama mkate wa kumimina uliokauka. Kwa kuwa sehemu nyingine huweka nyama ya ng'ombe, kikaratasi chetu kilifanya kazi. Nikiambiwa nichague mlo mmoja wa safari nzima, nachagua huo, na najua miguu ile iliyotoka kutembea inachangia.

Kutoka Gimhae, uwanja wa ndege wa Busan, hadi Jeju ndege inachukua kama saa moja. Huko lengo letu lilikuwa Hallasan, mlima wenye mita 1,947, mrefu kuliko wote Korea Kusini. Njia zinazofika kileleni ni mbili tu, Seongpanak yenye kilomita 9.6 na Gwaneumsa yenye 8.7. Kiingilio hakuna, lakini sisi tuliweka nafasi mtandaoni mapema, kwa sababu idadi ya watu kwa siku ina ukomo: 1,000 Seongpanak na 500 Gwaneumsa. Langoni tulionyesha msimbo tuliotumiwa simuni na pasipoti. Na kuna saa ya mwisho: usipopita kibanda cha Jindallaebat kabla ya saa iliyowekwa, karibu na adhuhuri kutegemea majira, unageuzwa.

Mlimani hakuuzwi chakula, kwa hiyo jioni tuliandaa wenyewe. Tulinunua gimbap isiyo na hemu, tukachemsha mayai, tukachukua machungwa madogo ya Jeju ambayo Oktoba ndiyo kwanza yanavunwa, na chupa ya chai ya tangawizi. Taka zote unarudi nazo. Alfajiri tukapanda basi namba 281.

Nusu ya kwanza ya Seongpanak ni ndefu na haina mandhari: miti, mawe, ubao, miti. Watu huikimbia kwa mwendo wa haraka na wanachoka kabla ya kazi kuanza. Sisi tuliokulia na milima ya Usambara tunajua kwamba msitu unatembewa polepole, na tulifika Jindallaebat tukiwa na nguvu. Kutoka hapo ni kilomita 2.3 za ngazi. Hapa ndipo mlima unapojifunua. Kuna miti ya *gusang*, jamii ya misonobari yenye asili ya Korea, na mingi imekufa imesimama, mashina meupe matupu. Watafiti wanahusisha vifo hivyo na ongezeko la joto. Inauma kuona, kwa sababu iliyo hai ina kijani kizuri sana.

Kileleni kuna shimo la volkano, Baengnokdam, lenye maji kidogo chini, na foleni ndefu ya kupiga picha kwenye jiwe la jina. Hatukupanga foleni. Tulisali adhuhuri na alasiri pembeni kwa kupunguza na kukusanya, tukala gimbap zetu upepo ukitaka kutunyang'anya, kisha tukashukia Gwaneumsa. Kama una goti baya, panda Gwaneumsa na ushukie Seongpanak, kwa sababu ngazi za Gwaneumsa ni za kuvunja. Lakini uzuri wa mlima uko upande huo: korongo refu, daraja la kuning'inia, miamba ya Samgakbong juu ya kichwa.

Jioni ile tulikula mandi mjini Jeju. Mwaka 2018 Wayemeni zaidi ya 500 waliingia kisiwani kuomba hifadhi, na baadhi yao walibaki. Tanga tuna Washihiri, Waarabu wenye asili ya Yemen, kwa hiyo mandi si ngeni kwetu, na baada ya saa tisa za mlima wali ule wenye nyama ya halali ulishuka vizuri.

Siku iliyofuata miguu ilitaka njia nyepesi. Mwaka 2007 Suh Myung-sook, mwanahabari mzaliwa wa Seogwipo, alianzisha njia za Jeju Olle baada ya kutembea njia ya mahujaji ya Santiago, Hispania. Leo ni njia 27, kilomita 437 kuzunguka kisiwa, zimewekwa utepe wa buluu na wa rangi ya chungwa. Tulichagua namba 1, inayopita vilima vya volkano, mashamba ya karoti na pwani ya Jongdal, mbele yako ikionekana Seongsan Ilchulbong, kilima cha mita 182 kilichozaliwa baharini.

Pwani ile ni ya *haenyeo*, wanawake wanaopiga mbizi bila mtungi wa hewa, wakitafuta konokono wa baharini, pweza na mwani. UNESCO iliwaorodhesha 2016, na wengi wao wamepita miaka sitini. Wana nyumba zao za chakula, nasi tulikula uji wa *jeonbok*, konokono wa ganda bapa, wenye rangi ya kijani kwa sababu unapikwa na matumbo yake, pamoja na supu ya mwani. Kwetu Tanga na Unguja wanawake wanalima mwani nao unapakiwa magunia kwenda nje, sisi hatuugusi. Pale mama aliyeupika aliniongezea bakuli la pili. Nimerudi na pakiti mbili, na nimeshaujaribu na tui la nazi. Unakubali, ilimradi uuweke mwisho.

Mwanzo na mwisho wa kila njia ya Olle kuna muhuri ndani ya kisanduku cha umbo la farasi, unagonga kwenye kijitabu chako. Kurasa zetu nyingi bado tupu. Mume wangu anataka tukirudi tuanzie visiwa vya Chuja, njia 18-1 na 18-2, ambako unakwenda kwa boti kutoka Jeju, na samaki ndiyo kazi yao.