Noah ya wanafunzi ilivyotulaza Usambara

Kioo kiligongwa saa tano na nusu usiku. Kiligongwa kwa fimbo, ko ko ko, kisha ikaja sauti ya mtu mzima: "Humo ndani kuna nani?"

Nilikuwa nimelala chali kwenye godoro la futi nne, nimevaa masweta mawili na soksi za mume wangu. Mwenzangu alikuwa amejifunika blanketi hadi utosini. Nje ukungu ulikuwa mzito, na tochi nne au tano zilikuwa zikihangaika ndani yake. Mwenzangu akaninong'oneza, "Usifungue." Nikamwambia tusipofungua ndiyo tutakuwa wezi kweli. Nikasogeza kanga tuliyoitundika kama pazia, nikateremsha kioo vidole viwili, nikasema, "Shikamoo."

Kimya kidogo. "Marahaba," ile sauti ikajibu. "Kumbe ni akina mama."

Kijana mmoja aliyekuwa upande wa nyuma akapaza sauti: "Mwenyekiti, huku pameandikwa WANAFUNZI."

"Wanafunzi wenyewe wako wapi?"

Swali la haki kabisa, ila lilihitaji maelezo marefu kwa watu waliolala na kushtuliwa.

Huyo mwenzangu ni shoga yangu, anaendesha Noah ya kubeba watoto wa shule mjini Tanga. Watoto humwita Anti, wazazi humwita Anti, na mimi niliyesoma naye tangu darasa la pili siku hizi namwita Anti vilevile. Shule zikifungwa mwezi wa sita, Noah hulala uwanjani kwake ikidondokewa na majani ya mwarobaini, naye hubaki akilalamikia marejesho ya kikoba. Mwaka jana nikamwambia hilo si gari, ni chumba chenye magurudumu, twende nalo milimani. Wiki nzima alicheka. Wiki ya pili akauliza, "Tutajisaidia wapi?" Nikajua amekubali.

Ni Noah ya zamani, ile ambayo injini imekaa chini ya siti za mbele na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Februari mjini Tanga ni adhabu, unaendesha huku unapikwa. Kumbe Lushoto mwezi wa sita ni neema, kwa sababu asubuhi unawasha gari, unakaa juu ya injini na kikombe chako cha chai, unapata joto taratibu kama kuku atamiaye.

Fundi alitung'olea siti za nyuma kwa dakika arobaini. Boliti zote alizitia kwenye kopo la Blue Band, akamkabidhi Anti mbele yangu, akasema hizo zikipotea msimtafute yeye. Chini tukalaza plaiwudi na juu yake godoro la inchi nne. Tukafunga waya kuzunguka madirisha tukatundika kanga. Tulibeba mtungi wa gesi wa kilo sita wenye jiko lake juu, madumu mawili ya maji ya lita ishirini, jembe, panga, ndoo yenye mfuniko (ndilo jibu la lile swali) na kamba nene ya katani, maana mtu wa Tanga akikwama kwa kukosa kamba ya katani amejitakia mwenyewe.

Kutoka Mombo lami inapanda kama kilomita 33 kupitia Soni hadi Lushoto, mwamba upande huu, korongo upande ule, na Fuso za kabichi zinashuka zikipiga honi kila kona. Tulichelewa Soni kwa sababu ya matunda damu, tena kwa ubishi wa bei. Tukaingia Lushoto jua linazama. Hapo tungetafuta mahali tukalala. Sisi tukasema tusogee hadi msituni, tuamke na ndege. Giza likatukuta juu kule njia ya Magamba na ukungu umeshuka, taa zinamulika ukuta mweupe. Tukaona pembeni pamepanuka, tukaegesha, tukavuta kanga, tukalala.

Sasa huyu mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa kofia ya kufuma na koti refu, alitueleza pale dirishani bila hasira. Watu wanaopasua mbao za wizi huja hivyohivyo: gari limezibwa madirisha, limezimwa taa, liko ukingoni mwa msitu. Kuna mtu alituona akaenda kugonga kwake, naye ikambidi aamshe vijana wa sungusungu. "Wanangu," akasema, "mgeni halali barabarani kama gogo. Mngepiga hodi."

Tuliwasha gari tukafuata tochi zao hadi uwanjani kwake. Mkewe alikwishaamka, ameweka maji jikoni. Mzee akaleta daftari la wageni, lile la kaunta lenye mistari ya kalamu nyekundu: majina, mtokako, muendako, namba ya gari, simu, sababu ya safari. Kwenye sababu tukaandika "kutembea". Akasogeza tochi, akasoma, akauliza, "Kutembea kwa gari?" Mkewe akacheka hadi akakaa.

Huyo mama alitaka kutupa jiko la mkaa tuingie nalo garini, kwa huruma tu, baridi ilikuwa ya kuuma mifupa. Hapo nilikataa hata kabla Anti hajashukuru. Mkaa ndani ya gari lililofungwa unaua watu usingizini. Sumu yake haina harufu wala haikohozeshi, mtu anasinzia tu ndiyo basi. Tukachemsha maji, tukajaza chupa mbili, tukazivisha soksi na kulala nazo miguuni. Mpaka asubuhi zilikuwa bado vuguvugu.

Tangu usiku ule utaratibu ukabadilika, na safari nzima ikategemea hapo. Saa kumi jioni, popote tulipo, tunasimamisha gari na kuuliza nyumba ya mwenyekiti. Tunasalimia, tunajieleza, tunaandika daftari, tunaonyeshwa mahali. Nilikuwa nimeogopa wanyama na majini ya msituni. Kumbe jambo la kulipanga ni wenyeji wajue wewe ni nani kabla hawajaona gari lako. Anti alilichukua kama kazi yake, na alikuwa na kipaji: dakika tano tu ameshajua mwenyekiti ana wajukuu wangapi.

Usiku wa pili tulilala Magamba kihalali. Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, zaidi ya hekta 9,000, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Fedha haipokelewi mkononi. Unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu, na mtandao ukigoma unazunguka uwanja mzima umeinua mkono kama unaomba dua. Jioni mmoja wa wahifadhi alitutembeza na tochi. Akamulika kichaka tulichokipita mara tatu mchana, na pale kwenye ncha ya tawi, rangi ya maziwa, amelala kinyonga wa pembe mbili, yule wa Usambara asiyepatikana kwingine. Mkia ameukunja kama chapati ya maji iliyoviringishwa. Mchana hungemwona, usiku akilala rangi inapauka, tochi inamkamata mara moja. Anti, anayekimbia mijusi ya bafuni kwake, alisimama sentimita thelathini kutoka kwake bila kupumua.

Alfajiri waliotuamsha ni mbega. Ule mlio si wa kitu chenye ukubwa ule, unadhani pikipiki inakataa kuwaka bondeni. Kisha hondohondo wakapita juu ya gari, na mbawa zao unazisikia kabla hujawaona, fwaa, fwaa, kama mtu anapepea moto.

Ndani ya gari, lakini, kulikuwa na mvua. Tulifunga vioo vyote kwa baridi, na pumzi za watu wawili usiku kucha zikageuka maji yakitiririka ndani ya vioo hadi kwenye godoro. Ilitugharimu saa tatu za kulianika. Baada ya hapo tuliacha vioo viwili wazi kidogo, kimoja mbele kulia na kimoja nyuma kushoto, tukabana kipande cha chandarua. Baridi kidogo iliingia, ila tuliamka wakavu.

Siku ya tatu tukaelekea upande wa Shume, kwenye shamba la miti la serikali. Huku juu mbao ni kazi ya zamani. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikuwa wakishusha magogo ya mwangati kutoka Shume kwa njia ya waya, yananing'inia hewani hadi stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya bondeni. Leo ni misonobari iliyopangwa mistari kama wanafunzi wa paredi, na kati yake barabara nyekundu za magari ya magogo, zinazogawanyika bila kibao. Ramani ya simu inazionyesha zote kwa mstari mmoja, nene kwa nyembamba.

Hapo ndipo nilipojifunza kuuliza. Ukimuuliza wa bodaboda, kila njia inapita, na hakudanganyi, kwake inapita. Muulize dereva wa Noah, na Noah za abiria ziko nyingi milimani. Tena usiulize kama njia inapita. Uliza, "Gari la mwisho kupita ni gari gani, na lini?" Mara mbili jibu lilikuwa trekta, tukageuza.

Mara ya tatu hatukuuliza. Kilikuwa kipande kifupi, cha mteremko na kupanda tena. Manyunyu ya ukungu yalikuwa yamelainisha uso wa udongo tu, chini pakavu, juu kama umepaka sabuni. Tulishuka vizuri kwa gia ya L. Kupanda, nyuma ikaanza kucheza, ikatelezea kwenye mfereji uliochimbwa na matairi ya magari ya magogo, ikakaa. Anti akakanyaga mafuta. Nikamwambia acha, kila ukikanyaga unajichimbia kaburi. Gari lenye uzito mbele na nguvu nyuma, nasi tumeng'oa siti, nyuma hakuna kitu cha kuyakandamiza matairi.

Tulichimba kwa jembe mbele ya matairi ya nyuma, tukasogeza yale madumu mawili mpaka mlango wa nyuma, tukatandika matawi ya misonobari. Gari lilipanda mita mbili likarudi. Tukarudia, likarudi. Ndipo wakatokea vijana wanne na mapanga, wametoka kupogolea miti. Hawakuuliza kitu. Wawili wakapanda bampa ya nyuma wakashika reli za juu, wakaanza kurukaruka kwa mdundo, wawili wakasukuma pembeni, na mmoja wao akampigia Anti kelele: "Taratibu mama, taratibu kama unabeba mayai!" Noah ikapanda ikinuka klachi ya nani sijui, maana ni otomatiki. Kwa malipo hawakutaka hela. Walitaka lifti hadi sokoni Lukozi, na watu wanne wenye matope walikaa kwenye godoro letu wakiimba. Shuka hilo halijatakata hadi leo.

Usiku huo tulilala uwanja wa shule ya msingi kwa ruhusa ya mwenyekiti, hakuna cha kusimulia zaidi ya usingizi.

Mtae ni mwisho wa milima. Kijiji kimekaa kwenye kilele kama ndege kwenye ukuta, na pande zake ardhi inaporomoka mamia ya mita hadi tambarare ya Mkomazi. Tuliegesha nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane tuliyeelekezwa kwake. Upepo ulikuwa wa kutikisa gari, hivyo tuligeuza pua lielekee unakotoka, tukaweka mawe nyuma ya matairi. Jua lilipozama milima ya Upare ilibaki kivuli cha bluu, na chini kabisa taa mojamoja zikawaka. Tulikaa mlangoni tumening'iniza miguu, tunakula viazi vya kuchemsha na chumvi. Anti alisema tangu aanze kuendesha hajawahi kukaa garini bila mtu kumwambia "Anti, fulani kanipiga." Dakika kumi hivi hakusema kingine, na kwa Anti hiyo ni rekodi.

Kutoka huko kuna njia zinazoshuka ghafla hadi bondeni. Tulisimama juu tukaziangalia. Tukarudi kwa njia tuliyojia, mteremko wote kwa gia ndogo; hata hivyo kufika Mombo breki zilikuwa zikinuka, tukasimama kunywa soda mbili kila mtu mpaka zikapoa.

Jumapili fundi alirudisha siti. Kopo la Blue Band lilikuwa na boliti zote, pamoja na kitunguu kimoja ambacho hakuna aliyekiri. Saa moja jioni tukiwa bado uwanjani simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Binti, ni mwenyekiti hapa, wa Magamba. Mmefika?"

Nikamwambia tumefika salama tangu jana, tunashukuru sana, mzee.

"Basi ngoja nichukue kalamu," akasema. "Humu kwenye daftari mmeingia, hamjatoka."