Siku Moja Maishani Mwangu: Ndege Asiye na Midomo Anaposhika Tama

Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado halijachomoza juu ya vilima vya Kampala, nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba ninayopanga Kamwokya, daftari likiwa magotini, nikiwatazama kaloli watatu waliolala juu ya mti wa jirani. Msomaji asiyeishi Uganda huenda hamjui ndege huyu. Ni korongo mkubwa anayeweza kufikia kimo cha mita moja na nusu, mwenye kichwa kisicho na manyoya, mfuko wa ngozi unaoning'inia kooni, na miguu inayoonekana myeupe kwa kuwa huimwagia kinyesi chake mwenyewe ili ipoe. Palipo na jalala, naye yupo. Kwa wiki tatu sasa ndiye anayenilipia kodi, kwa maana nimepewa kazi ya kubuni mhusika mkuu wa filamu fupi ya vibonzo ya sekunde 90, inayokusudiwa kuwafundisha watoto wa shule za msingi Kiswahili na usafi kwa pamoja, nami nikamchagua kaloli na kumpa jina la Karani.

Jina hilo sikulitafuta mbali. Kaloli akitembea huweka hatua moja, akasimama, akatazama chini, akaweka nyingine, na mbawa zake zilizokunjwa mgongoni humfanya afanane na mzee mstaafu aliyevaa koti refu, mikono nyuma, anayekagua ofisi ambayo si yake tena. Umbo likishakupa tabia kwa bure namna hiyo, ni ujinga kulikataa.

Saa mbili nilipanda teksi kwenda Wandegeya, kwenye chumba kimoja tunachokiita studio. Njiani sikuchora kitu, ila nilimtazama kondakta aliyedaiwa chenji na mama mmoja: alibetua bega moja tu, la kushoto, huku jicho lake likiwa barabarani. Nililiweka bega hilo akilini.

Saa tatu ndipo aibu yangu ilipoanza. Siku mbili zilizotangulia nilikuwa nimemaliza karatasi ya hisia za Karani, ile inayomwonyesha mhusika katika hali mbalimbali ili wachoraji wote wamchore kwa namna moja. Mteja alikuwa ameagiza hisia sita, furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na karaha, yaani zile zile alizozichunguza mwanasaikolojia Paul Ekman wa Marekani katika nyuso za watu. Nami nilizichora kwa utiifu, nikibadilisha macho na kope hadi nikaridhika. Kijana ninayefanya naye kazi akachukua vipande vya karatasi, akaziba vichwa vyote sita, akaniuliza kwa upole, "Dada, huyu wa pili na huyu wa tatu, yupi ana hasira?" Sikuweza kujibu. Shingoni kwenda chini, ndege wote sita walikuwa ndege mmoja aliyesimama akingoja basi.

Jaribio hilo ni la zamani katika kazi hii, na lina ndugu yake: kumjaza mhusika rangi nyeusi mwili mzima hadi abaki kivuli kitupu, kisha kuuliza kama bado anasema kitu. Mimi huwafundisha wanaoanza kila wiki kwamba kivuli kikinyamaza uso hauwezi kukiokoa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeliruka.

Kuanzia saa nne nilianza upya, na kasoro niliiona katika orodha kabla ya kuiona katika michoro. "Huzuni" haichoreki. Ni jina la kitu kisicho na mkono wala goti, na ukiketi mbele yake na kalamu utaishia kuchora nyusi zilizoinama kama wachoravyo wengine wote. Nilikulia Bombo, mji wa kambi ya jeshi, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa makabila yote uwanjani, na hakuna aliyesema kwamba mama fulani ana huzuni. Tulisema ameshika tama. Msemo huo ni mchoro uliokwisha kumalizika: kiganja kiko shavuni, kiwiko gotini, uzito wote umeegemea upande mmoja. Basi nilifuta majina sita na kuandika vitendo: kushika tama, kufura, kubetua mabega, kutoa macho, kujikunyata, kutembea kwa madaha, kushika kiuno, kununa. Kununa na kufura vyote vingeingia katika kisanduku kimoja cha hasira kwenye orodha ya mteja, ilhali anayenuna hujifunga na kugeuka pembeni, na aliyefura huvimba na kukukabili.

Tatizo lilikuwa kwamba Karani hana shavu, hana kiganja, wala hana midomo ya kubinua. Saa mbili nzima zilikwenda kwa kushika tama peke yake. Nilijaribu kwanza kumpa ncha ya bawa kama vidole, akawa mtu aliyevaa vazi la ndege. Nikajaribu kumkalisha juu ya jiwe, akapoteza miguu ambayo ndiyo fahari yake. Mwishowe nilikumbuka kwamba kaloli wa asubuhi alikuwa amezamisha shingo yote mabegani. Nikaizamisha ya Karani, nikauinua mfuko wa kooni ukawa kama mto, na kuulaza juu yake mdomo wake mrefu mzito, kichwa kikielemea kulia kidogo. Nikamjaza rangi nyeusi. Kivuli kilikuwa kimeshika tama bila mkono wowote.

Mfuko huo sasa unafanya kazi ambayo katika mtu hufanywa na mdomo. Akifura unajaa. Akiogopa unanywea na kubaki kama soksi tupu. Akitembea kwa madaha unabembea, ukichelewa kidogo nyuma ya hatua.

Saa saba umeme ulikatika, tukala rolex ya mtaani, mayai mawili ndani ya chapati, tukaendelea kwa wino na karatasi. Nililalamika kidogo kwa desturi tu, kwa sababu wino ulinisaidia kupunguza mistari. Kila mchoro wetu hukaa kwa fremu 2, yaani picha mbili mfululizo za filamu, hivyo sekunde moja yenye fremu 24 inahitaji michoro 12, na sekunde 90 zitahitaji 1,080 iwapo Karani hatatoka kwenye skrini. Mistari mitano tu ya manyoya ya urembo kifuani ni mistari 5,400 ambayo mtu fulani atalazimika kuichora, na mtu huyo ni mimi. Niliifuta yote.

Saa tisa mteja alipiga simu. Alipenda madaha, ila aliomba Karani atabasamu na kuonyesha meno, kwa kuwa watoto hupenda meno. Nilimweleza kwamba mdomo wa ndege ukipewa meno hugeuka kuwa wa mamba, nikamwahidi furaha itakayoonekana hata kutoka nyuma. Hakukubali wala hakukataa. Alisema atangoja aone.

Umeme uliporudi tulishughulikia usemaji. Majedwali mengi ya midomo, yanayoonyesha mdomo ukae vipi kwa kila sauti, yanayogawiwa kwenye intaneti yametengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, nayo hayatufai sana. Kiswahili kina irabu tano, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo ukiufungua mdomo kwa kila silabi ya "takataka", Karani ataonekana anazitafuna badala ya kuzikemea. Tuliamua aufungue kwa upana kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, penye mkazo, na zilizobaki tuziachie mfuko utikisike.

Saa mbili usiku nilikuwa nyumbani, nikampelekea Hajati mwenye nyumba kodi yake. Mjukuu wake wa miaka tisa alikuwa sebuleni, nami nikamwonyesha vivuli vinane bila kumwambia neno. Saba alivitaja haraka, kimoja kwa kicheko. Cha nane, kile cha kujikunyata, nilikuwa nimekichora kama aibu, shingo imeinama na mdomo karibu kugusa ardhi. Alikitazama kwa muda mrefu.

"Huyu amepoteza shilingi zake, anazitafuta," alisema.

Alikuwa sahihi, kwa kuwa mwili wote ulielekea chini kwenye kitu. Niliketi pale pale kwenye mkeka, nikageuza miguu ya Karani ielekee mlangoni huku kichwa kikibaki nyuma, na bawa moja likijaribu kuuficha mfuko. Nikamrudishia daftari.

"Sasa amevunja kikombe cha jaja," alisema, akamtazama bibi yake Hajati upande, kisha akaenda jikoni upesi kuliko nilivyotarajia.