Blu-ray na HD DVD sebuleni Tanga: nilivyozipima na nilivyochagua

Blu-ray na HD DVD ni aina mbili za diski za video za ubora wa juu zilizoshindana kurithi DVD. Nilipounganisha deki mbili kwenye TV moja na kucheza filamu ileile, upande mmoja HD DVD na upande wa pili Blu-ray, picha haikunipa sababu ya kuchagua. Zote hutoa nukta 1920 kwa 1080, zote husoma kwa leza ya buluu-zambarau ya nanomita 405, na zote hutumia namna zilezile za kubana video: MPEG-2, VC-1 na H.264. Toshiba, walioongoza upande wa HD DVD, walitangaza kuachana nayo Februari 2008, lakini deki zake bado unaweza kukutana nazo kwenye mitumba ya Ngamiani hapa Tanga, zimepangwa na deki za DVD kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo nilipima mengine: umeme, diski zenyewe, hewa ya pwani na kazi ninayotaka deki inifanyie.

Umeme kwanza, maana hapo ndipo deki nyingi hufia siku ya kwanza. Geuza deki usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100–240V, badilisha pini tu. Kikisema 100V, deki ni ya soko la Japani. 120V ni ya Marekani. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa ndani ya pawa saplai hufika kama volti 325, na kapasita kubwa (kifaa kinachotunza chaji) ya deki za 100V na 120V kwa kawaida imeandikwa 200V. Itapasuka, na fyuzi haitawahi kuiokoa. Chukua transfoma ya kushusha umeme ya wati 100 au zaidi, na hakikisha volti yake ya kutolea inalingana na kibandiko. Muuzaji akikuambia "hii inakula umeme wowote", msomee kibandiko.

Sasa diski, na hapa ndipo tofauti ilipo. Diski zote mbili zina upana wa milimita 120 na unene wa milimita 1.2. HD DVD imejengwa kama DVD: vipande viwili vya milimita 0.6 vimegundishwa, data ikiwa katikati. Blu-ray imeweka data milimita 0.1 tu kutoka usoni. Leza ya HD DVD hupita usoni mwa diski ikiwa na upana wa karibu nusu milimita, kwa hiyo chembe ya vumbi haizibi kitu; ya Blu-ray hupita ikiwa na upana wa kama milimita 0.14, na alama ya kidole yenye mafuta inatosha kuigandisha. Ndiyo maana uso wa Blu-ray umepakwa tabaka gumu, na kweli haukwaruziki ovyo. Lakini ukikwaruzika umekwaruzika. DVD na HD DVD fundi anaweza kuzisugua zikarudi, Blu-ray haina nyama ya kusugua. Dawa ya meno usiikaribishe kabisa. Futa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe.

HD DVD ina ugonjwa wake: gundi. Diski ya tabaka mbili hubeba GB 30, na gundi ikianza kuachia, tabaka la pili halisomeki. Filamu inaanza vizuri, menyu inafunguka, halafu inaganda karibu na katikati, pale leza inaporuka tabaka. Kwa hiyo ukinunua HD DVD ya mtumba usiridhike na dakika tano za mwanzo dukani. Peleka mbele hadi katikati na mwishoni. Kabla ya hapo ishike diski mlangoni, iinamishe mwanga uteleze juu yake. Ukiona utando wa maziwa ukingoni au madoa madoa kama dagaa waliooza rangi, iache hapohapo.

HD DVD ina sifa moja ninayoitamani mpaka leo: haina kanda, yaani diski haifungwi kwa eneo fulani la dunia. Diski ya Marekani inacheza kwenye deki ya Japani bila ugomvi. Blu-ray imegawa dunia A, B na C, na Tanzania iko B pamoja na Ulaya. Deki na diski za Uingereza zinafaa. Diski ya Marekani yenye alama ya A peke yake itakataliwa. Kwa DVD sisi ni kanda ya 5 na Uingereza ni ya 2, basi usishangae deki ileile ikikubali Blu-ray na kukataa DVD.

TV nayo ina neno lake. Kwenye inchi 32, jicho zima halioni faida yote ya 1080 ukikaa mbali kuliko mita 1.3, na kufikia mita 2.5 hata DVD ya kawaida inakaribia kufanana. Kama kochi lako liko mita tatu na TV ni hiyo, tunza pesa. Kwenye inchi 50, mita 2 ndiyo mahali pake. Na kama TV ni ya zamani yenye matundu mekundu, meupe na ya njano tu, deki mpya za Blu-ray hazitakufaa, zinatoa picha kwa HDMI pekee.

Hewa ya chumvi hula lenzi. Dalili yake: DVD zinacheza, Blu-ray zinakataa. Chomoa waya, subiri dakika kumi kapasita zitulie, fungua kifuniko, chukua pamba ya masikio yenye tone la alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, zungusha juu ya lenzi bila kukandamiza. Spiriti ya rangi huacha utando. Ikigoma bado, huenda leza ya buluu imechoka, na kwa HD DVD spea yake ni kuvunja deki nyingine.

Kilichomaliza shauri kwangu ni video za harusi. Kamera ya AVCHD (mfumo wa kurekodi wa kamera za video za HD) ikirekodi megabiti 24 kwa sekunde hula karibu GB 10.8 kwa saa. Diski tupu ya HD DVD ya GB 15 ingechukua saa moja na dakika 23. Ya Blu-ray ya GB 25 inachukua saa mbili na robo, kuanzia nikahi hadi keki. Nilichagua Blu-ray. Kwa joto letu nunua diski tupu aina ya HTL, zenye tabaka la kurekodia lisilo la kikaboni, epuka zilizoandikwa LTH, ambazo hutumia rangi ya kikaboni inayochoka kwa mwanga na joto. Choma kwa kasi ya 4x, kisha soma diski nzima kwenye kompyuta, faili kwa faili, kabla hujafuta kadi ya kamera.