Siku majibu ya DNA yaliposomwa Uru

Watu wakisikia nilipima DNA kumtafuta baba, swali lao la kwanza ni lilelile: ilitoka asilimia ngapi? Wamezoea habari za magazetini, 99.99, mama analia, baba anatafuta pa kutokea. Yangu haikuwa na asilimia ya kusimulia kijiweni. Ilikuwa karatasi mbili zenye mhuri, ukoo mzima ukazipigia vigelegele, na aliyebaki hajaridhika nikawa mimi niliyezitafuta.

Nilizaliwa hospitali ya Mawenzi, Moshi, tarehe 9 Desemba 1979, siku ya Uhuru. Mama alikuwa fundi cherehani pale Njoro. Alifariki nikiwa darasa la sita, nikachukuliwa na bibi mzaa mama. Habari za baba hazikuzungumzwa, na kwa bibi yule ukishauliza kitu mara moja hurudii. Nilikua hivyo, wala sitasema niliteseka sana. Mtaani kwetu hatukuwa wachache.

Kilichoniamsha ni ndoa. Paroko alitaka cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, nikarudi parokia niliyobatizwa. Katibu alifungua daftari kubwa lililoanza kuachia uzi, akashusha kidole taratibu hadi akanifikia. Jina la mama limeandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko wa kupendeza. Kwenye nafasi ya baba kuna kistari. Basi. Ila nafasi ya msimamizi ilikuwa na jina, na mwenye jina hilo bado alikuwa anauza ndizi Kiboriloni.

Nilimkuta anabishana na mteja juu ya mkungu wa mshare. Alimalizana naye kwanza, ndipo akanijibu kwa sauti ileile ya kutaja bei: baba yako alikuwa mwanajeshi, mtoto wa ukoo fulani wa Uru, alikuwa kambini Arusha, ndiye aliyekuwa akija Njoro Jumapili kumchukua mama yako. Amefariki 1994. Ameacha kijana wa kiume, ni mwalimu. Jina la ukoo nitalihifadhi. Wenyewe wapo, na wanasoma.

Miaka ilipita kabla sijampigia huyo mwalimu. Nilipompigia alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, sikatai wala sikubali. Tupime, tumalize." Nilimheshimu kwa hilo. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba Uchagani mtu mzima akijitokeza ghafla kudai ukoo, wa kwanza kuitwa shahidi ni kihamba, shamba la urithi la ukoo. Na kama kweli nilikuwa mtoto wa marehemu baba yake, nilikuwa nimezaliwa kabla yake. Yeye aliyejijua kifungua mimba maisha yake yote angeshuka hadi wa pili kwa simu moja.

Kijana mmoja kazini alikuwa amenishauri vile vipimo vya Marekani: unatema mate kwenye kichupa, unatuma kwa posta, baada ya wiki kadhaa unaletewa orodha ya ndugu zako. Ni kweli vinafanya kazi. Watu wengi walioasiliwa huko wamewapata wazazi wao hivyo, hata kwa kuanzia na binamu wa mbali tu, halafu wakapanda ukoo na kushuka nao kwa vyeti vya kuzaliwa na matangazo ya vifo. Lakini lazima huyo binamu naye awe ametema mate kwao. Nikajiuliza Uru nzima ni nani amewahi kutema mate kwa kazi hiyo. Huku kwetu unamtafuta ndugu kwa miguu kwanza, ndipo unampeleka maabara.

Na maabara yenyewe huingii tu kama dukani. Tuna sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, na sampuli haichukuliwi bila barua ya mamlaka inayotambulika. Sisi tulianzia ustawi wa jamii Moshi, afisa akatuandikia barua kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda, Arusha. Tulipanda Coaster asubuhi. Mpaka Boma Ng'ombe hatujaongea la maana. Mimi nilikuwa namtazama masikio kwa pembeni. Tulipofika njia panda ya uwanja wa ndege, KIA, akasema, bila kugeuka, "Hata mimi nayaangalia ya kwako." Tukacheka hadi konda akatugeukia.

Kipimo chenyewe hakina hadithi. Unasaini fomu ya ridhaa, kijiti chenye pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, kinafungwa kwenye bahasha, mnaondoka kula nyama.

Hadithi iko kwenye majibu. Mama aliyetufafanulia alikuwa mvumilivu kweli. Kwa kuwa anayedaiwa kuwa baba alishazikwa, alisema, hapakuwa na wa kulinganishwa na mimi moja kwa moja, wamelinganisha watoto. Mwanamume hupokea kromosomu Y kutoka kwa baba yake, naye baba aliipokea kwa babu, karibu bila kubadilika. Inakwenda kama jina la ukoo. Yangu na ya Mwalimu zimefanana kila mahali palipopimwa. "Kwa hiyo ni ndugu?" Mwalimu akauliza. Ndiyo, ni ndugu wa upande wa kiumeni. "Wa baba mmoja?" Hapo akavuta pumzi. Y hiyohiyo wanayo baba zenu wakubwa na wadogo wote, na watoto wao wa kiume. Vinasaba vingine vilivyobaki, ndugu wa baba mmoja wanachangia kama robo, watoto wa ndugu wawili kama sehemu moja ya nane, na kwa alama zilizopimwa, hizo mbili huwezi kuzitenganisha kwa uhakika. Kama kuna mzee mwingine wa tumbo hilo aliye hai na anaridhia, aje. Huyo atapata jibu la moja kwa moja.

Mwalimu alikunja karatasi akaiweka mfukoni. "Inatosha," akasema. Kwake ilitosha kweli.

Kikao cha ukoo kilikaa Desemba ya mwaka uleule, baada ya Krismasi, watu wa Dar na Mwanza wakiwa bado hawajaondoka. Magari yamebanana kwenye kile kinjia cha kahawa, mbuzi wawili wameshachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, iko kwenye ndoo na imechacha sawasawa. Mwalimu alisimama akasoma majibu kwa sauti ya darasani, pamoja na namba za kumbukumbu za barua, ambazo hakuna aliyezihitaji. Alipofika "wana asili moja ya upande wa baba" kina mama waliokuwa wanamenya ndizi wakapiga vigelegele. Mzee wa ukoo akanipa kata ya mbege kwa mkono wake. "Damu imesema. Huyu ni wetu."

Ningekunywa nikanyamaza, siku ingeishia hapo. Lakini nikasimama na ile kata mkononi, nikawaeleza alichosema yule mama wa Arusha: kwamba karatasi inasema mimi ni wa nyumba hii, haisemi ni wa nani. Wakanitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mgeni anayeuliza choo kiko wapi naye amesimama mlangoni pake. Mzee akaniuliza, kwa upole, "Sasa mwanangu, hiyo tofauti yake nini?"

Alikuwa anauliza kweli, hakunikejeli. Ukoo ulikuwa na swali moja, je, huyu ni wetu, na swali lao lilishajibiwa. La kwangu lilikuwa jingine, na pale hapakuwa na mtu aliyekuwa nalo isipokuwa mimi.

Au ndivyo nilivyodhani, mpaka Shangazi, dada mkubwa wa marehemu, akainua kichwa kutoka kwenye beseni la ndizi. "Umesema umezaliwa lini?"

Nikamwambia, siku ya Uhuru, sabini na tisa.

Akaanza kuhesabu kurudi nyuma, kisu mkononi, kila mwezi anaugonga kwa bapa la kisu kwenye kidole. Novemba, Oktoba, Septemba. Alipofika Machi akasimama. "Machi mwaka ule kaka yenu alikuwa Uganda. Aliondoka Novemba, Nyerere alipotangaza vita na Amin. Machi Kampala hata haijaanguka. Na Kampala ilipoanguka hakurudi. Alirudi mwaka wa pili yake tukiwa tunachuma kahawa. Mimi ndiye niliyekuwa nasali novena hapa na mama, msinifundishe."

Hakuna aliyemfundisha. Kumbe hesabu ya ukoo mzima iliyotushinda maabara ilikuwa kwenye vidole vya bibi wa miaka sabini, na hakuna aliyewahi kumtajia tarehe yangu.

Akaendelea, bila kupandisha sauti. "Barua zake zilikuwa zinakuja sanduku la parokia. Majina yanasomwa baada ya misa. Aliyekuwa anazichukua na kuzipeleka Njoro ni nani?"

Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa kwenye kigoda ukutani mwa jiko, kofia amelaza juu ya goti. Miaka ile alikuwa utingo wa lori la kahawa, kila siku yuko mjini. Tangu asubuhi alikuwa ameitikia shikamoo yangu na hakuongeza neno.

"Ni mimi," akasema. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanangoja: "Mwanzo nilikuwa namkabidhi mlangoni. Halafu akaniomba nimsomee. Hakuwa anajua kusoma."

Kuna watu walioguna. Mimi sikuguna. Nilikuwa namwona mama na ile kamba yake ya kupimia wateja, kamba ya katani, anafunga fundo moja la kiuno, fundo jingine la kifua, halafu anaitundika kwenye msumari pamoja na kitambaa cha mwenyewe. Ukutani kwetu kulikuwa na kamba nyingi zenye mafundo na hapakuwa na daftari hata moja. Nimeishi na zile kamba utoto wangu wote nikidhani ndivyo mafundi wanavyofanya. Mtu asiyeingia nyumba ile asingejua kwamba mama hakujua kusoma. Kwangu mimi neno hilo lilizidi Y zote za Arusha.

Baba Mdogo akamtuma mjukuu akakate jani la isale, lile la kuombea radhi. Likaletwa. Akanyanyuka nalo, na nikajiweka sawa, maana niliona dhahiri linakuja kwangu. Likanipita. Alikwenda kwa Mwalimu, akampa kwa mikono miwili, akaomba radhi kwa nyumba ya kaka yake. Mpewa isale hakatai, Mwalimu alisimama nalo kama dakika nzima, kisha akasema, "Nimepokea, Baba Mdogo." Niliudhika, sitaficha. Miaka yangu yote, na msamaha wa kwanza unaombwa kwa mtu mwingine. Shangazi akanivuta shati nikae. Yeye peke yake ndiye ambaye cheo chake kwangu hakikubadilika siku ile, kwa vyovyote vile angekuwa shangazi, na nadhani ndiyo maana aliweza kuzungumza.

Nilimwambia Baba Mdogo yale ya kipimo cha moja kwa moja. Akatikisa kichwa. "Nimesema mbele za watu. Karatasi ya nini tena?"

Aliyetaka karatasi alikuwa binti yake mkubwa. Baba Mdogo ana mabinti watupu, wanne, na huyu ndiye anayelima kile kihamba, ndiye aliyepanda migomba mipya baada ya ile ya zamani kunyauka, ndiye anayejua mfereji unafunguliwa saa ngapi. Kutwa nzima aliona kaka anaota kama uyoga. Akasema waziwazi, "Baba, kwako haya ni maneno. Sisi ndio tunaolima." Wazee wawili watatu wakaanza kumkemea. Mimi nilimwona ana haki, bado namwona hivyo. Nikasema mbele ya wote kwamba nina nyumba yangu Pasua, kihamba sikitaki, wala watoto wangu hawatakidai.

"Maneno ya mbege hayo," akasema. "Andika."

Nikaandika. Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa nakala ya majibu ya DNA, nikaigeuza nyuma, nikaandika kwa peni ya Mwalimu, nikasaini, Mwalimu akasaini kama shahidi, na Mzee wa ukoo akaweka dole gumba kwa wino uliotolewa sijui wapi. Dada akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiingiza kwenye kitenge kifuani. Hakusema asante, wala sikuitegemea.

Kesho yake niliunganishwa kwenye grupu la WhatsApp la familia. Hakuna aliyenikaribisha. Ujumbe wa kwanza niliokutana nao ulikuwa orodha ya michango ya operesheni ya jicho la Baba Mdogo, hospitali ya KCMC, mweka hazina ni yuleyule dada. Ilikuwa na makundi mawili. Watoto wa ndugu, elfu thelathini kila mmoja. Hapo yumo Mwalimu. Watoto, laki moja moja. Hapo kuna mabinti wanne, na wa tano mimi, jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, mbele yake "BADO".

Nilimrushia kwa M-Pesa jioni ileile, pamoja na ya kutolea.