Ile krrr ya saa kumi alfajiri

Toyota Probox yangu hubeba mboga za watu kuingia soko la Kongowea, Mombasa, kwa hivyo naiwasha saa kumi alfajiri. Mwaka jana ikaanza kunipigia kelele: krrr ya chuma, kama misumari inayotikiswa ndani ya mkebe. Sekunde mbili, tatu, kisha kimya. Injini ikishapata moto, hata uizime na kuiwasha mara kumi, husikii kitu.

Nikaipeleka gereji saa sita mchana. Kosa. Fundi hakusikia lolote, akaniwekea oili nzito. Kelele zikapungua na mimi nikafurahi, kumbe nimeufunika ugonjwa shuka.

Miezi miwili baadaye nikiwa kwenye foleni ya feri Likoni, taa ya injini ikawaka. Injini ikawa inatetemeka gari likiwa limesimama, na kwenye ule mlima wa kutokea ferini, na mzigo nyuma, nguvu hakuna.

Mzee mmoja wa Majengo, aliyezishika Toyota tangu zile za mkanda badala ya cheni ndani ya injini, aliniambia, "Mwanangu, liache lilale hapa. Asubuhi nitalisikiza likiwa baridi." Nilipofika alikuwa ameweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava la mbele la injini, mpini sikioni. "Washa." Akaguna tu. Mashine ya kompyuta nayo ikatoa kodi ya hitilafu P0016: kemshafti, inayofungua valvu, na krenki, inayozungushwa na pistoni, hazipatani tena. Cheni inayoziunganisha ilikuwa imelegea.

Nilimuuliza cheni hubadilishwa kwa kilomita ngapi. Mkanda, akasema, una hesabu yake, Toyota nyingi ni 100,000. Cheni haina, inategemea oili. Tenshena inayoikaza husukumwa na presha ya oili. Gari likilala presha huisha, na cheni iliyolegea huchapa miongozo yake ya plastiki mpaka presha ipande. Ikiruka meno, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Dashibodi yangu ilisoma 140,000, ila gari la mtumba lililoshuka bandarini, nani ataapia namba zake? Na oili nilikuwa nabadilisha nikikumbuka.

Kava lilipotoka, alishika cheni mpya kwa ubavu ikanyooka karibu kama rula. Ya zamani ikaning'inia kama utepe. Mwongozo mmoja ulikuwa umechimbwa mfereji. Nilitaka kuokoa pesa kwa kuacha tenshena ya zamani. Mzee akakataa kabisa, na alikuwa na haki. Tukabadilisha cheni, tenshena, miongozo yote na sili ya krenki. Siku moja na nusu.

Sasa nabandika karatasi kwenye kioo yenye kilomita za oili ijayo, kila 5,000, lita 3.7 pamoja na filta.

Wiki ya kwanza jirani aliniuliza kama nimeacha kazi ya soko. Kumbe krrr ile ndiyo iliyokuwa saa yake ya kuamkia.