Siku moja maishani mwangu: sentimita 11

Saa 1:00 asubuhi. Nafungua mlango wa mteja, nasimama kizingitini, siingii. Ndivyo ninavyoanza kila kazi ya kupamba sehemu ya kuingilia nyumba, kwa sababu mgeni naye ataionea hapo hapo. Mbele yangu kuna ukuta wenye upana wa sentimita 140, kijani cha chupa, rangi ya mafuta, koti tatu. Nalaza tochi ubavuni mwa ukuta. Rangi inayong'aa haifichi kitu: kijinundu cha ukubwa wa punje ya mchanga kinatoa kivuli kirefu. Navipata vitatu, navipitishia msasa laini.

Saa 2:30. Leo nachora jua linalochomoza, kwa mtindo wa mapambo uitwao Art Deco: nusu duara juu ya meza nyembamba, na kioo cha nusu mwezi katikati. Nampa msaidizi wangu uzi, naye anaupeleka kutoka katikati ya mlango hadi ukutani. Anageuka.

"Bosi, alama yako haiko hapa."

Kweli haiko. Wiki iliyopita nilipima katikati ya ukuta, sentimita 70. Mlango lakini haupo katikati ya ukuta. Uzi unaangukia 59. Tofauti ni sentimita 11, na fundi umeme alishatoboa mashimo ya taa mbili kwa vipimo vyangu. Mimi mwenyewe nilimwandikia kwenye karatasi.

Vyumba vingine vingevumilia. Art Deco haivumilii. Mtindo huu, ulioonyeshwa kwa fahari kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1925, unapenda kushoto na kulia vilingane, na jicho la anayeingia linatoka mlangoni, halitoki kwenye kona ya ukuta.

Saa 4:00. Nakaa chini na penseli. Kutoka 59 kwenda kushoto nina 59, kwenda kulia nina 81. Ziada ni 22. Naamua ule ukanda wa 22 upande wa kulia upigwe rangi nyeusi, sakafu hadi dari, usomeke kama nguzo. Kijani kinachobaki ni 118, na katikati yake ni 59 kamili. Nakiri nilitabasamu peke yangu.

Saa 5:00. Fundi umeme anafika, anayatazama mashimo, ananitazama mimi. "Mzee, si uliniambia mwenyewe?" Nilimwambia, ndiyo. Anasogeza yote mawili, mimi naziba ya zamani kwa puti.

Saa 7:00 mchana. Mapumziko. Mama mwenye nyumba anakuja na simu, ananionyesha kilele cha Chrysler Building, New York. "Fundi, nataka miale kama hii, yote dhahabu, na fremu ya mlango nayo dhahabu." Namwambia, mama, jengo hilo lilikamilika 1930, na kilele hicho ni chuma kisichoshika kutu, si dhahabu. Kinachokipendezesha ni umbo. Tunakubaliana: miale mitano ya dhahabu, minne ibaki kijani, fremu iwe nyeusi.

Saa 8:00. Hapa ndipo ninapoipenda kazi yangu. Msumari mmoja kwenye alama, mahali kioo kitakapoufunika, uzi wa sentimita 50, penseli. Nusu duara ina digrii 180. Nikigawa kwa 9 kila mwale unapata 20. Lazima miale iwe witiri, ndipo mmoja usimame wima katikati. Nabandika tepu ya karatasi, kisha napaka kijani kile kile kwenye ukingo wake. Msaidizi anashangaa kwa nini narudia rangi iliyopo. Kama kuna upenyo, kijani kinaingia kwanza na kuuziba. Dhahabu ikija haina pa kuvuja.

Saa 10:30 jioni. Koti ya pili ya dhahabu imepigwa na bado inanata kidogo. Navuta tepu polepole, nikiikunja kuelekea nyuma. Mwale wa kwanza, ukingo safi kama umekatwa kwa wembe. Wa nne una kijino kwenye ncha, nakitengeneza kwa brashi ndogo.

Saa 12:00. Mama anaomba tuweke na vyombo viwili vya mapambo vyenye manyoya ya ndege. Kimoja, mama. Anacheka, ananiita bahili.

Puti haijakauka, mabaka mawili meupe yanatukodolea macho juu ya jua. Kesho msasa na kijani. Msaidizi anafagia, nami narudi kizingitini na uzi wangu, napima mara nyingine. 59.